Emoji kwenye michoro ya kompyuta: ichore, usiibandike

Andika kwenye simu yako "Hapa kuna hatari ya moto 🔥", nakili maneno hayo, kisha yabandike ndani ya mchoro wa jengo uliofunguliwa kwa AutoCAD au programu nyingine ya kuchorea. Maneno yatafika salama. Mwali wa moto ndio wenye mashaka: pengine utatokea mweusi bila rangi zake, pengine utageuka kisanduku kitupu, pengine itabaki alama ya kuuliza. Hata ukitokea vizuri kwako, atakayefungua faili hilohilo kwenye kompyuta nyingine anaweza kukuta kisanduku, na hana namna ya kujua kwamba kisanduku kile kilikuwa onyo.

Niliwahi kupokea mchoro wa ukaguzi wenye visanduku zaidi ya 30 vilivyotapakaa kwenye korido na vyumba. Mkaguzi alikuwa ameweka nyuso: zinazotabasamu mahali palipokuwa sawa, zilizonuna mahali penye kasoro. Kwangu zote zilifika zikiwa visanduku vya aina moja, hivyo pazuri na pabovu pakafanana kabisa. Iliniuma, kwa sababu wazo lake lilikuwa zuri. Uso unasomeka haraka kuliko sentensi, tena husomwa na mtu wa lugha yoyote. Kilichomwangusha ni njia aliyoitumia kuuweka, na ili kuona alipoteleza wapi inabidi tujue kwanza emoji ni kitu gani hasa.

Emoji ni herufi

Neno lenyewe ni la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alibuni seti ya emoji 176 kwa ajili ya huduma ya simu za NTT DoCoMo, kila moja ikikaa ndani ya pikseli 12 kwa 12. Oktoba 2010, toleo la 6.0 la Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaozipa namba herufi za maandishi ya dunia, likapokea mamia ya emoji kwa mpigo. Tangu hapo emoji ina hadhi ileile ya herufi A: ina namba yake na jina lake. Mwali wa moto ni U+1F525.

Watu wengi hupotea hapa. Unicode hutoa namba na jina, basi. Sura ya mwali inatoka kwenye fonti iliyomo ndani ya kifaa. Ukituma emoji, unachotuma ni namba, na kifaa cha mwenzako ndicho kinachoichora kwa fonti kilicho nayo. Angalia yaliyoipata emoji ya bastola, U+1F52B. Kwa miaka ilichorwa kama silaha halisi. Mwaka 2016 Apple wakaigeuza kuwa bastola ya maji, na 2018 kampuni nyingine kubwa zikafuata. Ujumbe wa zamani haukuguswa na mtu, namba ikabaki ileile, lakini kilichoonekana kwenye kioo kikawa kitu kingine.

Kwenye mazungumzo ya simu hilo linavumilika. Mchoro wa ujenzi ni sehemu ya mkataba, na unaweza kufunguliwa miaka 20 baadaye na mtu anayetafuta bomba lilipita wapi. Alama inayoweza kubadili sura yenyewe haifai kukaa humo.

Programu za kuchorea zilizaliwa na kalamu mkononi

AutoCAD ilitoka Desemba 1982. Zama hizo mchoro ulitolewa kwa plota, mashine iliyoshika kalamu halisi ya wino na kuikokota juu ya karatasi. Fonti za SHX zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ndani yake herufi ni maelekezo ya safari ya kalamu: shusha, nenda hapa, pinda pale, inua. Fonti za TrueType zilikuja baadaye, na humo herufi ni mzingo unaojazwa wino. Aina zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: herufi ina rangi moja, ile iliyopewa na leya (tabaka la mchoro lenye jina na rangi yake) au na mchoraji.

Emoji ya rangi inavunja makubaliano hayo. Isitoshe, kampuni zilizoitengeneza hazikuanza na njia moja ya kuhifadhi rangi ndani ya fonti. Apple walitumia picha za pikseli kwa mpangilio uitwao sbix. Google nao picha za pikseli, lakini kwa mpangilio wa CBDT. Microsoft wakachagua COLR, ambao ni mizingo yenye rangi iliyolaliana. Na ya nne ni kuweka ndani ya fonti picha za SVG, yaani picha za mistari badala ya pikseli. Programu ya uchoraji iliyojengwa kusoma mzingo mmoja wa rangi moja ikikutana na vitu hivi, huchukua kile inachokielewa na kuacha kingine. Mara nyingi inachokielewa ni kivuli cheusi, au hakuna kabisa.

Namba nayo ina tatizo lake. Katika AutoCAD unaweza kuita herufi yoyote kwa kuandika \U+ na tarakimu nne za mfumo wa 16 (0 hadi 9, kisha A hadi F), kwa mfano \U+2205 kwa alama ya kipenyo. Lakini 1F525 ina tarakimu tano. Haitoshi kwenye nafasi hiyo, kwa hiyo kompyuta huivunja vipande viwili, D83D na DD25, na kila programu itakayopitiwa na faili lazima ijue kuviunga tena. Emoji za familia ni ngumu zaidi, kwani hizo ni emoji kadhaa zilizofungwa kwa kiunganishi kisichoonekana, U+200D. Pasipo na anayekielewa kiunganishi hicho, familia husambaratika, kila mtu kivyake. Ongeza pia umri wa faili: faili za DXF, zinazobeba mchoro kutoka programu moja hadi nyingine, za kuanzia AutoCAD 2007 zimeandikwa kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi zote za Unicode; za kabla ya hapo zilitegemea jedwali la herufi la nchi husika. Ukihifadhi mchoro kwa toleo la zamani ili mwenye programu ya zamani aufungue, emoji ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuumia.

Kuna zinazopona, na ni haki kuzitaja. Alama ya onyo ⚠ ni U+26A0, kiti cha magurudumu ♿ ni U+267F, uso wa zamani ☺ ni U+263A. Zote zina tarakimu nne na zote zipo kwenye fonti za rangi moja. Ukiwa na hakika kwamba kila atakayefungua faili ana fonti hiyohiyo, zitumie kama herufi. Mimi huwa sina hakika hiyo.

Hata hivyo, mtu asiseme kwamba emoji ni ugeni kwenye michoro. Wachoraji wameandika kwa picha siku zote. Ukiandika %%c unapata alama ya kipenyo, %%d unapata digrii, %%p unapata jumlisha-na-toa. Fonti ya gdt.shx imejaa alama za uvumilivu wa vipimo (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kukosea) zilizojificha nyuma ya herufi za kawaida: unaandika n ndogo, kinatokea kipenyo. Hizo ni picha zilizofanywa herufi, sawasawa na maana ya neno emoji. Tofauti ni kwamba fonti ile inasafiri na programu yenyewe, na sura zake zimekubaliwa kwenye viwango vya uchoraji.

Uso ndani ya duara la kipenyo 1

Njia ninayoiamini ni kuuchora uso kwa jiometria halisi na kuufanya bloku, yaani kifurushi cha mistari chenye jina kinachopachikwa mara nyingi upendavyo. Mistari haiulizi fonti. Itaonekana vilevile kwenye kompyuta yoyote inayofungua faili.

Anza na duara lenye kitovu 0,0 na nusu kipenyo 0.5. Kipenyo kinakuwa 1 kamili, na hilo lina faida kubwa tutakayoiona punde. Macho yakae kwenye -0.18,0.15 na 0.18,0.15, kila moja likiwa na nusu kipenyo 0.05. Tabasamu ni tao lenye kitovu kilekile 0,0 na nusu kipenyo 0.3, kuanzia nyuzi 210 hadi nyuzi 330. Uso umekamilika kwa vitu vinne tu.

Kwa uso ulionuna, acha duara na macho yalivyo. Tao la mdomo lihamishie kitovu chake 0,-0.45, nusu kipenyo 0.3 ileile, kuanzia nyuzi 30 hadi 150. Uso usio na upande unapata mstari ulionyooka kutoka -0.2,-0.2 hadi 0.2,-0.2. Mimi huongeza jambo moja: uso wenye habari mbaya nauzungushia mraba au pembetatu badala ya duara. Nakala ikififia, mdomo hupotea mapema kuliko umbo la nje, na sitaki furaha na kasoro zitofautiane kwa kijitao kimoja tu.

Sasa ile faida ya kipenyo 1. Unataka uso wa milimita 5 kwenye karatasi, na mchoro ni wa skeli ya 1:50, umechorwa kwa milimita. Zidisha 5 kwa 50 upate 250, na hiyo ndiyo namba unayoijibu programu inapouliza ukubwa wa bloku. Kwa 1:100 ni 500. Mchoro ukiwa wa mita, 250 inakuwa 0.25. Hakuna hesabu nyingine, kwa sababu ukubwa wa kupachika ndio ukubwa wa uso. Hakikisha tu kwamba kipimo cha bloku umekiacha bila jina. Ukikiandika inchi kwa bahati mbaya kisha ukaipachika kwenye mchoro wa milimita, programu itajipa kazi ya kubadilisha na uso utavimba mara 25.4.

Rudi kwenye macho. Uso wa milimita 5 una jicho la kipenyo cha milimita 0.5. Ukilichora jicho hilo kwa mstari wa milimita 0.25, tundu linalobaki katikati ni robo ya milimita, nalo wino utaliziba hapa na kuliacha pale. Uso mmoja utakuwa na macho meusi, wa pili macho ya pete. Bora kuyajaza tangu mwanzo: amri ya DONUT, kipenyo cha ndani 0, cha nje 0.1, inakupa nukta nzima kwa kitu kimoja chepesi.

Mdomo nao una mpaka wake. Kiwango cha kimataifa cha uchoraji, ISO 128, kinataka nafasi kati ya mistari inayokwenda sambamba isipungue milimita 0.7. Chini kabisa ya uso wetu, mdomo na duara vimeachana kwa 0.2 ya kipenyo. Kwenye uso wa milimita 5 hiyo ni milimita 1. Ukitoa unene wa mstari wa 0.25, inabaki 0.75. Tumepita kwa wembamba. Uso huohuo ukiupunguza hadi milimita 3.5, nafasi inashuka hadi 0.45 na kidevu kinaanza kujaa wino. Kwa hiyo kwa uso huu na mstari huu, 5 ndiyo sakafu. Ukitaka ndogo zaidi, punguza vitu ndani ya uso, usipunguze uso.

Chora vyote kwenye leya 0, na rangi iachiwe leya. Vitu vya leya 0 ndani ya bloku huvaa rangi na unene wa leya ile unayopachikia, hivyo bloku moja inatumika kwa mhandisi wa umeme na wa maji bila kuguswa. Kuhusu njano ya emoji, nakusihi uisahau. Njano juu ya karatasi nyeupe haionekani, na uso uliojazwa njano ukichapwa kwa printa ya rangi moja unakuwa doa la kijivu lililomeza macho na mdomo.

Kabla ya kufunga bloku, ongeza sifa za maandishi kwa amri ya ATTDEF: MAANA, TAREHE, MHUSIKA. Zinaweza kufichwa zisionekane kwenye karatasi. Hapa bloku inaishinda emoji ya simu kabisa. Uso ulionuna sasa unabeba sentensi "mlango unagonga bomba", na programu inaweza kuzihesabu nyuso zote za mchoro na kukutolea jedwali: ngapi zimenuna, ghorofa ya ngapi, nani anadaiwa jibu. Siku ya kutoa mchoro wa mwisho, leya ya ukaguzi inawekwa isichapwe na nyuso zote zinatoweka kwenye karatasi bila kufutwa kwenye faili.

Uso kama safari ya kalamu

Ipo njia ya pili, ya kizamani, nami naipenda kwa sababu inaonyesha wazi mashine inavyofikiri. Fungua kihariri cha maandishi matupu, andika mistari hii, uihifadhi kama nyuso.shp:

*130,38,USO
2,8,(10,0),1,10,(10,000),2,8,(-13,3),1,10,(1,000),
2,8,(8,0),1,10,(1,000),2,8,(-10,-6),1,12,(10,0,76),
2,8,(-5,3),0

Mstari wa juu unasema: umbo namba 130, baiti 38, jina USO. Jina liwe kwa herufi kubwa, la sivyo halitambuliwi. Kinachofuata ni kalamu inayotembea. Namba 2 inainua kalamu, 1 inaishusha. Tunaanza na 2 kwa kuwa umbo huanza kalamu ikiwa tayari imeshuka. Namba 8 ni hatua ya kulia-kushoto na juu-chini, kwa hiyo 8,(10,0) inatupeleka ukingo wa kulia. Namba 10 inachora tao kwa vipande vya nyuzi 45. Nusu kipenyo 10 na 000 maana yake duara zima. Kalamu inainuka, inakwenda jicho la kushoto, duara dogo. Inahama hatua 8, jicho la kulia. Kisha 12 ni tao la mdomo: hatua 10 kwenda kulia, na 76 ndiyo namba ya mkunjo. Namba hiyo inatokana na 127 kuzidisha kwa mara mbili ya kina cha mkunjo (hapa kina ni 3), kugawa kwa urefu wa njia: 127 × 6 ÷ 10. Ifanye -76 na uso unanuna. Mwisho kalamu inarudi kitovuni, na 0 inafunga umbo.

Amri ya COMPILE inaligeuza faili hilo kuwa .shx, LOAD inalipakia, SHAPE inapachika. Udhaifu wake ni uleule wa fonti: asiyekuwa na faili la .shx haoni kitu, kwa hiyo lazima lifungashwe pamoja na mchoro. Kwa nini basi mtu ahangaike? Kwa sababu aina za mistari hukubali maandishi na maumbo ya namna hii, wala hazikubali bloku. Ule mstari wa uzio wenye viduara vinavyojirudia, FENCELINE1, umetengenezwa hivyohivyo kwa faili la ltypeshp.shx. Ukitaka bomba la gesi libebe alama ya onyo kila baada ya hatua fulani, lenyewe, hata likivutwa na kupindwa, njia ni hii.

Wasiotaka kuchora huchukua SVG iliyo tayari, wakaipitisha Inkscape, programu ya kuhariri picha za aina hiyo, na kuihifadhi kama DXF. Inafanya kazi, ila mikunjo hufika ikiwa imekatwa vipande vingi, na nyuso 200 za namna hiyo huulemaza mchoro. Pitia upya, weka matao halisi. OpenMoji, mkusanyiko wa emoji wenye leseni huria, inafaa kuanzia kwa kuwa ina seti ya mistari mieusi isiyo na rangi. Leseni yake ni CC BY-SA 4.0, inayotaka umtaje mwenyewe na utoe kwa masharti hayohayo. Fonti za emoji zinazokuja na simu na kompyuta zina masharti yake, na kuzinakili kwenye maktaba ya ofisi bila kuyasoma si sawa.

Mahali ambapo uso haufai

Njia za kutokea, vizimamoto, sumu na umeme tayari vina alama zake katika ISO 7010, kiwango cha kimataifa cha alama za usalama: F001 ni kizimamoto, W001 ni onyo la jumla. Michoro ya umeme ina kiwango chake cha alama, IEC 60617. Hapo usibuni chochote, hata kama emoji yako inapendeza zaidi. Mzimamoto aliyefundishwa F001 hapaswi kukutana na mwali wa moto uliochorwa na wewe na kujiuliza kama ni kizimamoto au ni mahali panapowaka. Emoji zina nafasi pale ambapo hakuna kiwango: maoni ya ukaguzi, maeneo ya michezo ya watoto, ramani ya starehe ya watu ndani ya jengo, hatua za kazi. Hata huko, kila uso uingie kwenye ufunguo wa mchoro na maana yake kwa maneno, kwa kuwa tabasamu linaweza kusomwa "imekubaliwa", "nimependa" au "nimeona", na mambo hayo matatu yana gharama tofauti kwa mkandarasi.

Kabla ya kugawa maktaba yako, chapa ukurasa mmoja wa nyuso zote kwa rangi nyeusi tu. Kisha fikiria atakayeuchapa mchoro wako wa A3 kwenye A4, jambo linalotokea kila siku. Kila kipimo kinazidishwa kwa takriban 0.707: uso wa 5 unakuwa 3.5 na mstari wa 0.25 unakuwa 0.18, chini ya ile sakafu tuliyoipata. Kama mchoro wako utapunguzwa, anza na uso wa milimita 7 na mstari wa 0.35. Ukifika kwenye A4 utakuwa 5 kwa 0.25, na mdomo bado utaonekana.